Kiapo cha Nikareti

Somoe Nantanga alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kujiziba mdomo kwa kiganja. Stamatis, fundi wa mtambo, alidhani anataka kutapika, akamsogezea beseni. Wasomaji wengi hutapika wanapotoka kwenye akili ya mtu aliyekufa. Lakini Somoe alilisukuma beseni kando, akabaki vile vile, kiganja mdomoni, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Ikamchukua Stamatis muda kuelewa kwamba mkono ule ulikuwa unazuia maneno.

"Daktari," akamwambia taratibu, "uliingia Ukumbini?"

Somoe akaitikia kwa kichwa.

Stamatis akaketi kwenye stuli yake. Miaka minne walikuwa wakiitafuta siku hiyo. Alitaka kupiga simu kwa mkurugenzi papo hapo, lakini kuna kitu katika uso wa yule mama kilichomfanya asubiri.

Ukumbi huo ulikuwa Eleusi, mji mdogo ulio kilomita ishirini na moja kutoka Athene, ambako kwa zaidi ya miaka elfu moja Wagiriki wa kale walifanya ibada za siri za Demeta, mungu wa nafaka, na binti yake Persefone aliyetekwa akapelekwa kuzimu. Kila mwaka kiangazi kikielekea kwisha, watu kwa maelfu walitembea kwa miguu kutoka Athene wakiwa wamefunga. Walikuwemo mabibi wakubwa na watumwa wao, maseremala, makahaba na majemadari. Masharti yalikuwa mawili tu: uwe unaelewa Kigiriki, na mikono yako isiwe na damu ya mtu. Waliingia Ukumbini wakikiogopa kifo na wakatoka hawakiogopi, au ndivyo walivyosimulia wenyewe. Kilichofanyika ndani hawakukisimulia. Aliyesema alihukumiwa kufa, ni kweli, ila hukumu peke yake haielezi jinsi watu wengi kiasi hicho, wakiwemo walevi na wapayukaji, walivyoweza kunyamaza kizazi baada ya kizazi mpaka ibada zenyewe zikapigwa marufuku na Ukumbi ukabomolewa.

Kisha wachimbaji wakamkuta mwanamke katika tope la ziwa, kando ya barabara takatifu ya zamani waliyoipita wakienda Eleusi. Tope lilikuwa zito, halina hewa, na ndani ya fuvu ubongo ulikuwa umesalia, mdogo kama embe lililokauka. Wakaanza kwa kumpa namba. Jina lake, Nikareti, walikuja kulijua kwa kinywa cha Somoe.

Mtambo wa kusoma kumbukumbu ulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini ulikwisha kubadili namna watu walivyowatazama wafu. Wanasayansi waligundua kwamba yale ambayo mtu ameyarudia moyoni maisha yake yote huacha nyayo nzito kuliko mengine katika mishipa ya fahamu. Mtambo ulizipitishia nyayo hizo mwanga, ukazimimina katika akili ya mtu aliye hai, kwa sababu hakuna kompyuta iliyoweza kunusa moshi au kuona haya. Ilikuwa kazi ya mara moja. Mwanga uliosoma ndio huo huo uliounguza, na baada ya hapo kumbukumbu ilibaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa msomaji. Naye alikuwa na siku arobaini za kurudi chini ya mtambo na kuikabidhi kwa hiari yake, kwani mtambo hauwezi kuikamua akili isiyotaka. Zikipita siku hizo, kumbukumbu ya marehemu hujichanganya na za msomaji mwenyewe, isitenganishwe tena. Ikikabidhiwa, hunakiliwa, na yeyote mwenye kofia ya kumbukumbu huweza kuivaa sebuleni kwake, akaishi dakika kumi za mpishi wa Babeli, kisha akaendelea na chakula chake.

Somoe alikuwa amewasoma watu ishirini na watatu na kuwakabidhi wote. Hakuwahi kusita hata mara moja.

*

Evanthia Kourti, mkurugenzi wa Taasisi ya Kumbukumbu za Kale, alimfuata asubuhi yake katika chumba cha mapumziko. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ndiye aliyemwona Somoe akifundisha Dar es Salaam, akambembeleza aje Ugiriki, akamfundisha Kigiriki cha kale kwa mkono wake mwenyewe. Alikuja na kalenda. Tamasha la Eleusi lingefanyika mwisho wa kiangazi, siku ile ile ya zamani, na watu elfu arobaini wangeketi uwanjani na kofia zao wapokee kwa pamoja kile kilichofichwa muda wote huo. Alitaka kujua Somoe atakabidhi lini.

Somoe akasema hatakabidhi.

Evanthia hakupandisha sauti. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamtaka aeleze.

"Aliapa, Mkurugenzi," Somoe akasema. "Nilikuwa ndani yake alipokuwa anaapa. Ulimi ni wake, lakini niliusikia ukitembea kinywani mwangu."

"Amekufa zaidi ya miaka elfu mbili. Miungu aliyoiapia haina hata mtu mmoja wa kuiwashia taa. Nani anakudai kiapo hicho?"

Jibu la Somoe lisingeweza kuandikwa kwenye ripoti. Alifikiria unyago wake, kwao Newala, alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Aliambiwa mambo ndani ya nyumba ile, akaonyeshwa mengine, akaimbishwa nyimbo, akaambiwa hayasemwi nje. Mengi kati ya hayo hayakuwa ya ajabu, na mtu mzima angeweza kuyakisia. Hata hivyo alipokuwa chuoni, mtafiti mmoja mpole alikuja na kinasa sauti kumwuliza alifundishwa nini na kungwi wake, naye Somoe akamkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua na korosho mpaka jioni, mtafiti akaondoka na kinasa sauti chake kitupu. Hakuna mtu aliyemtisha. Alijua tu kwamba lile jambo likitoka nje ya nyumba ile si lile tena, kama maji ya mtungi yanavyokuwa matope yakimwagwa uani.

Alijaribu kumweleza Evanthia hivyo. Evanthia akasikiliza mpaka mwisho.

"Na unyago wako una watu wanaoulinda," akasema. "Mama yako yuko hai, kungwi wako ana wanafunzi. Sisi walitubomolea. Nyanya zangu walitembea njia ile, Somoe. Wewe umekuja juzi, umekaribishwa, na leo ndiwe unayejua siri yao, unanifungia mlango mimi."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu hayakuwa ya uongo.

Evanthia akasimama, akaenda dirishani, akabaki amempa mgongo. Ndipo akasema lile ambalo hata Stamatis alikuwa halijui, kwamba madaktari walikwisha kumwambia habari ya saratani ya kongosho lake, na kwamba kiangazi hiki huenda ndicho cha mwisho kwake. Alilisema kwa ukavu, kama anayetoa taarifa kikaoni. "Mimi ni mwanasayansi, siamini kitu. Usiku silali, naogopa. Hawa watu walikuwa na kitu kilichoondoa woga huu, na wewe unacho. Hata tamasha liache. Niambie mimi peke yangu."

Somoe akafungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, mafupi, yangemalizika kwa pumzi mbili. Akaufunga. Evanthia akasubiri, kisha akaokota kalenda yake akatoka, na mchana huo akatia saini mashtaka rasmi dhidi ya msomaji wake.

*

Kuna sehemu ya usomaji ambayo Somoe hakuwa amemsimulia mtu. Tope la ziwa lilihifadhi dakika kumi na saba za maisha ya Nikareti. Dakika kumi na moja zilikuwa za barabarani na za Ukumbini. Sita zilizobaki zilikuwa za chumba kimoja chenye ukuta wa udongo, na binti amelala mkekani.

Binti huyo aliitwa Mirto, naye alikuwa anakufa kwa homa. Nikareti alikuwa mtumwa, mfumaji wa nguo, na bibi aliyemmiliki ndiye aliyempeleka Eleusi mwaka uliopita kama zawadi. Mirto aliyajua hayo. Alikuwa na miaka kumi na sita na macho yake yalikuwa makubwa mno kwa uso wake. "Mama," akasema, "niambie ulichokiona kule." Nikareti akamlowanisha midomo, akamwambia apone kwanza, mwaka huu atamtembeza mwenyewe mpaka kule, hatua kwa hatua. Mirto akauliza tena baadaye. Safari ya tatu hakuuliza.

Hiyo ndiyo kumbukumbu aliyoirudia maisha yake yote. Nyayo zake zilikuwa nzito kuliko za Ukumbini.

Somoe alitafuta humo majuto ya kunyamaza, hakuyaona. Nikareti hakutamani kuwa angalimwambia. Alijua kuwa maneno yasingemfaa mtoto. Yangekuwa sauti tu masikioni mwa mgonjwa. Alichojilaumia ni jambo jingine kabisa: kwamba Mirto alikuwa mzima masika yote yale, na yeye akawa anangoja msimu ufike.

Kwa siku tisa Somoe alikwenda na hilo kila alikokwenda. Alikuwa hana mtoto, lakini sokoni alipowaona wasichana wa miaka kumi na sita alisimama kuwatazama mpaka wakapotea. Alijua kuchanganyika kumeanza. Siku ya kumi alikwenda nyumbani kwa Evanthia, akamkuta amejifunika blanketi kibarazani ingawa kulikuwa na jua. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Sitakuambia," akasema. "Lakini nitakutembeza. Kama ulivyo sasa, tusingoje siku ya tamasha."

Evanthia akalisukuma blanketi kando. Akauliza ni nani aliyempa ruhusa ya kumwingiza mtu, kwani hata Nikareti hakuwa kuhani.

"Hakuna," akajibu Somoe. "Nimejichukulia. Kama ni kosa, ni langu."

*

Stamatis alipohadithiwa alikuna kichwa, akasema yeye ni mtu wa nyaya na mitambo, haya mengine hayajui. Lakini akatafuta kiti cha magurudumu chenye matairi ya njia mbaya, na akapata ufunguo wa lango la magofu kwa njia ambayo hakuieleza.

Walichukua siku tatu. Walianzia Athene penye makaburi ya kale, asubuhi, Evanthia akiwa kwa miguu na fimbo. Alitembea nusu saa, akakaa kitini nusu saa, akatembea tena. Barabara ile takatifu ilikuwa imezikwa chini ya barabara kuu, wakapita kando ya maghala na viwanda vilivyokufa vilivyoota miti ya tini. Somoe hakumsimulia lolote. Alipofika mahali ambapo Nikareti alisimama, alisimama. Pale ambapo Nikareti aliimba, aliimba, na Evanthia aliyeyajua maneno ya wimbo kutoka vitabuni alistaajabu kuusikia una sauti ya namna ile, nzito na ya kuburuta, kama ya wanawake wanaotwanga. Walioga baharini na nguo zao. Walilala njiani katika nyumba ya wageni, Evanthia akanywa dawa zake kwa sababu Somoe alikataa kabisa aziache kwa ajili ya kufunga.

Siku ya pili, kwenye daraja la mto Kifiso, wakamkuta mtu amekaa ukingoni, amejivika kichwani mfuko wa unga uliotobolewa macho mawili. Zamani waliovuka pale walitukanwa, hasa wakubwa, ili wafike Eleusi wakiwa wameacha ukubwa wao nyuma. Mtu wa mfuko akamwambia mkurugenzi kwamba ana miguu ya korongo, na kwamba hotuba zake za mwaka mpya zimewahi kumlaza mlinzi wa lango akiwa wima. Akamwambia kahawa anayowapikia wafanyakazi ingewatoa wafu makaburini bila mtambo wowote. Sauti ya huyo mtu wa nyaya na mitambo ilitetemeka kidogo mwanzoni, kisha ikachangamka. Evanthia alicheka mpaka akakohoa, akajishika mbavu, machozi yakamtoka, na kwa miaka mingi hakuna mtu kazini kwake aliyewahi kumwona hivyo. Somoe akacheka pia. Kule kwao matusi ya unyago yalikuwa makali kuliko haya.

Jioni ya siku ya tatu walifika Eleusi. Mbele ya magofu Somoe akakoroga kinywaji, unga wa shayiri na maji na mnanaa, kilichofanana na uji mwepesi, na Evanthia ambaye hakuwa ameweza kumeza kitu tangu asubuhi akakinywa chote. Stamatis akafungua lango. Somoe alikuwa na kapu lililofunikwa kitambaa, alilokuwa amelitayarisha peke yake kwa siku mbili. Akamwuliza Evanthia kama mikono yake ina damu ya mtu. Evanthia akasema haina. Akamwapisha kwa maneno yale yale ya Nikareti, polepole, neno baada ya neno, kisha akamfunga macho kwa kitambaa, akamshika mkono, wakaingia mahali ambapo Ukumbi ulikuwa.

Yaliyofanyika humo hayawezi kusimuliwa hapa. Stamatis aliyebaki langoni alisema baadaye kwamba alisikia sauti ya mtu akilia, kisha kimya kirefu, na mara ukatokea mwanga. Alipowaona wanarudi, Evanthia alikuwa anatembea bila fimbo na bila haraka, ameliegemea bega la Somoe, naye alipompita alimgusa shavu kama anayemgusa mwanawe.

*

Baraza la taasisi liliketi siku ya arobaini na mbili. Kumbukumbu ilikuwa imekwisha kuchanganyika, na haikuwezekana tena kuikabidhi hata kama Somoe angetaka. Mwenyekiti, mwanasheria mzee aliyeitwa Prodromos Vallas, alisoma mashtaka ambayo Evanthia mwenyewe aliyatia saini, kwamba msomaji amezuia mali ya elimu ya binadamu wote. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza maswali ya haki, na kila moja lilimpata Somoe mahali pake. Alimwuliza kama anajua kuwa siri hiyo sasa itakufa naye. Akamwuliza pia kama siri ya maelfu ya watu inaweza kuwa mali ya uamuzi wa mtu mmoja. Somoe akakiri kwamba jambo hilo linamnyima usingizi, na kwamba huenda wao ndio wenye haki.

Ndipo Vallas akamgeukia Evanthia, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono juu ya mapaja.

"Mkurugenzi, tunaarifiwa kwamba ulipelekwa magofuni. Ulionyeshwa jambo lolote?"

"Nilionyeshwa."

"Basi neno lako lingetosha kuliokoa baraza na tatizo hili. Ulionyeshwa nini?"

Watu wote chumbani waliinama mbele kidogo. Evanthia alimtazama Vallas kwa upole, kama mtu aliye ng'ambo ya pili ya mto anavyomtazama aliyebaki.

"Nimeapa," akasema. "Lakini wewe bado una miguu, Prodromos. Kama unataka kweli, tafuta viatu vizuri umwombe huyu mama akutembeze."

Alipoulizwa kama anayafuta mashtaka aliyotia saini, akayafuta, ila sheria ilikuwa na njia yake. Somoe alinyang'anywa leseni na kupigwa marufuku kuukaribia mtambo wowote maisha yake yote. Tamasha lilifanyika kwa ngoma, mbio na vyakula, na watu elfu arobaini walirudi makwao na kofia zao mikononi, baadhi yao wakiwa wamekasirika.

*

Evanthia aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Alikataa kulazwa, akawekwa kitanda karibu na kibaraza, na Somoe, ambaye sasa hakuwa na kazi, alihamia kwake kumhudumia. Walizungumza mambo mengi, mapishi, wanaume waliowajua, namna mvua inavyonyesha Newala. Habari za Ukumbini hazikutajwa. Alikata roho saa nane mchana, madirisha yakiwa wazi.

Stamatis alifika alasiri. Alimkuta Somoe amesimama ukumbini mwa nyumba, amejishikilia ukutani, na kwa muda hakujua kama anamlilia Evanthia au yule Mirto wa zamani. Somoe mwenyewe hakujua. Stamatis alimsubiri anyamaze. Kisha akamwuliza swali alilokuwa amelibeba tangu usiku ule wa langoni, akaliuliza kwa heshima, huku anaangalia viatu vyake. Alitaka kujua kama kitu kile ni cha kweli, au kama wamemfariji tu mgonjwa kwa mchezo mzuri.

Somoe alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofundishwa kufikiri.

"Sijui," akasema. "Alipokuwa anakata roho mimi nilikuwa nimemshika mkono kwa nguvu zangu zote, Stamatis. Nilikuwa naogopa. Yeye ndiye aliyevifungua vidole vyangu."